Nyati Aliyekufa kwa Njaa Muleba

Wadogo zangu wa darasa la sita na la saba,

Kwanza mnisamehe. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya kwenda ziwani, na herufi nyingine nimeziandika mara mbili kwa sababu nilisahau kama nimeshaziandika. Niliishia darasa la saba, hapo hapo Izimbya, kwenye madawati hayo mnayokalia, na tangu siku hiyo kalamu na mimi tumekuwa tukisalimiana kwa mbali. Mkikuta kosa, lirekebisheni kwa penseli, taratibu, bila kelele. Mwalimu wenu alinitaka nije nisimame mbele yenu nizungumze. Nilikubali. Kisha nikafikiria macho yenu yote yakinitazama, nikamwambia bora niandike, mbandike kwenye gazeti la ukutani. Hapo mtanitazama mpaka mchoke, mimi nikiwa nyumbani kwangu Ijuganyondo, salama.

Nina miaka ishirini na minne na ni mstaafu. Msicheke. Kazi ikiisha, aliyekuwa akiifanya amestaafu, hata kama hana mvi hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuchimba mifupa ya wanyama wakubwa wala majani, walioishi huku kwetu kabla huku hakujawa kwetu. Utafiti ule umemaliza muda wake, shimo tumelifukia, na sasa nashona sare za shule Miembeni. Lakini nikiwa kwenye cherehani huwa nacheka peke yangu, na mwenye duka ananiuliza, "Wewe binti, unacheka na nani?"

Nacheka na nyati. Nitawaeleza.

Lakini nianze na ulimi, maana kazi hii inaanza na ulimi.

Tulikuwa tunachimba kwenye korongo moja upande wa Muleba, chini kabisa karibu na ziwa, mahali ambapo maji ya mvua yamekata udongo kama kisu kwenye keki ya harusi. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Ta Bishanga, mzee aliyechimba visima na vyoo vya nusu ya Muleba kabla ya kuhamia kwenye mifupa. Siku yangu ya kwanza alinipa kipande cheupe kiganjani.

"Hiki ni jiwe au mfupa?"

Mimi nikiulizwa swali huwa nakaa kimya kwanza, hata kama jibu ninalo.

"Lamba," akasema.

"Nilambe?"

"Mfupa wa kale una matundu madogo madogo, unanasa kwenye ulimi. Jiwe halinasi. Lamba! Huo ulimi una kazi gani nyingine? Kuongea huongei."

Wote wakacheka. Nikalamba. Kikanasa! Wadogo zangu, nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Siku ile nililamba korongo zima. Nililamba kokoto, nikalamba kigae cha chungu cha zamani (nacho kinanasa, jihadharini), nikalamba vitu ambavyo sikuvijua. Saa ya chakula nikapata kimoja kizuri kuliko vyote, cheupe, cha mviringo, kinanasa kama gundi. Nikakimbia nacho kwa Daktari Neema.

Daktari Neema ndiye alikuwa mkubwa wetu. Si daktari wa sindano, ni daktari wa mifupa ya kale. Alikuja kutoka chuo kikuu, mwanamke mfupi mwenye kofia kubwa, na alikuwa anajua kusoma meno ya mnyama kama ninyi mnavyosoma ubao. Alikigeuza kile kitu, akakitazama kwa kioo cha kukuzia, akanitazama mimi.

"Umekilamba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hongera sana. Hiki si mfupa. Hiki ni kinyesi cha fisi."

Ta Bishanga alikaa chini kwenye udongo akashika mbavu. "Cha kale!" Daktari akasema haraka ili kunifariji. "Cha maelfu ya miaka! Fisi anatafuna mifupa, ndiyo maana kinanasa. Ni kitu cha thamani sana!" Nikanywa maji chupa nzima. Tangu siku ile wakaniita Binti Fisi, na hata leo nikikutana na mmoja wao sokoni Bukoba ananiita hivyo mbele ya watu. Kwa hiyo msilambe vitu vya ardhini. Vina vijidudu, na vina fisi.

Msidhani ni mimi tu niliyechekwa. Ta Bishanga mwenyewe, msimu wa kwanza kabisa kabla sijafika, aliingia na jembe lake la visima akalishusha kwa nguvu zake zote, akapasua taya la mnyama vipande viwili. Daktari Neema hakumgombeza. Alichukua lile jembe polepole kutoka mikononi mwake, akampa mswaki wa meno.

"Mimi na umri huu," Ta Bishanga alikuwa akisimulia, "napewa mswaki! Nikamuuliza, Daktari, nimsugue nani meno? Akasema, huyo hapo uliyemvunja taya."

Na kweli kazi yetu ilikuwa mswaki, brashi ya rangi, mwiko mdogo wa fundi na subira. Shikeni jambo hili moja: mfupa hauvutwi. Ukiona ncha imechungulia, mikono inawasha kuivuta. Ukivuta umevunja. Unautoa udongo ulio pembeni, kidogo kidogo, mpaka mfupa ubaki umekaa juu ya kiti chake cha udongo. Kisha unaufunika karatasi laini ya chooni iliyoloweshwa maji, ili plasta isigande kwenye mfupa wenyewe. Juu yake unaweka vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, ile ile wanayomfungia mtu aliyevunjika mguu. Ikikauka, unakata kiti chini, unageuza. Udongo uliobaki haumwagwi. Unauchekecha kwa maji, maana jino la panya nalo ni habari. Miaka ya mwisho wakaleta na mtindo mpya: unazunguka mfupa ukiupiga picha kwa simu kila upande, na kompyuta inaujenga mfupa huo kwenye kioo, unaugeuza kwa kidole. Ta Bishanga aliutazama akasema, "Vizuri. Sasa huu hauwezi kuvunjwa na jembe."

Sasa mtauliza, mifupa yote hiyo ya nini?

Siku moja tumekaa juu ya korongo tunakula ndizi na maharage, Daktari akanyoosha kijiko kuelekea ziwani. "Mnaona maji yote yale? Palikauka."

Ta Bishanga akaacha kutafuna. "Lweru, ziwa letu hili, likauke?"

"Lilikauka. Wakati wa baridi kuu, barafu ilipofunika nchi nyingi za kaskazini, huku kwetu mvua zilipungua sana. Ziwa lote likawa mbuga."

"Kwa hiyo ningeweza kutembea kwa miguu mpaka Kenya."

"Ungeweza, ukibeba maji ya kunywa."

"Basi nisingeenda," akasema Ta Bishanga, akaendelea na ndizi zake.

Wadogo zangu, mimi niliacha kula kabisa. Nilitazama yale maji, nikajaribu kuyaondoa kwa macho, na kuweka nyasi mpaka upeo. Na juu ya nyasi hizo Daktari akaanza kutupangia wanyama. Alituonyesha meno yao. Mnyama anayekula majani ya miti ana meno yenye ncha, kama milima ya Karagwe. Anayekula nyasi ana meno marefu yaliyosagika juu, tambarare, kwa sababu nyasi zina chembe ngumu kama mchanga na zinalisaga jino maisha yote. Na kuna siri nyingine ndani ya jino lenyewe. Chakula cha mnyama kinaacha alama kwenye jino wakati linaota, nyasi za nchi ya joto alama yake, majani ya miti alama yake. Ukikwangua unga kidogo kutoka juu ya jino mpaka chini, unapata alichokula mwaka mmoja na mwaka uliofuata, kama kusoma mistari.

Wanyama wa korongo letu walikuwa wa nyasi. Kulikuwa na punda milia wa nchi kavu, yule wa mistari myembamba. Kulikuwa na jamaa ya kongoni, mkubwa kuliko hawa wa leo. Na kulikuwa na mfalme wao, nyati mkubwa wa kale. Huyu, nyati wa leo akisimama pembeni yake ni kama ndama. Pembe zake zilitanuka kila upande, akipita mlangoni kwenu anaondoka na mlango na fremu.

Mvua zilipopungua, misitu ikajikunja na nyasi fupi zikaenea, na hao wote wakastawi. Ilikuwa sherehe yao. Kisha mvua zikarudi. Sisi tunadhani mvua ikirudi kila mtu anashangilia, sivyo? Kwao haikuwa hivyo. Ziwa likajaa, vichaka vikapanda vilimani, na nyasi nyingine zikawa ndefu na ngumu, kama hizi za rweya, mbuga yetu ya malisho, ambazo mnajua ng'ombe anazila akiwa hana la kufanya. Sasa kila mnyama akatafuta njia yake. Punda milia wa mistari myembamba akahama, leo mpaka uende kaskazini ya Kenya ndiyo umwone. Nyati mdogo, babu wa nyati wa leo, akaingia vichakani, akala alichokikuta. Wengine, Daktari alisema, katika nchi mbalimbali miili yao ilipungua vizazi kwa vizazi, kwa sababu mwili mdogo unaridhika mapema. Na yule nyati mkubwa?

"Huyo," nilisema siku ile, na wote wakageuka kwa sababu nilikuwa nimesema, "huyo alikuwa kama mjomba wangu Rwegasira."

Mjomba Rwegasira alikwenda Dodoma kwenye harusi, akakaa mwezi. Wakampa ugali, wakampa wali, wakampa chapati. Alisukuma sahani akauliza, "Chakula kinakuja saa ngapi?" Kama si ndizi, kwake si chakula. Alirudi Izimbya shati limekuwa kanzu.

Daktari Neema alicheka mpaka akamwagia maharage kofia yake iliyokuwa mapajani. Kisha akasema, "Ndivyo tunavyodhani. Lakini kudhani si kujua." Alieleza kwamba kwingine yule nyati aliendelea kuishi muda mrefu zaidi, na kwamba wataalamu bado wanabishana kama wawindaji nao walichangia kummaliza. Tulikuwa tumepata vipande vya pembe zake tu. Hatukuwa na meno yake. Bila meno ya mnyama aliyeishi hapa, wakati mvua zinarudi, hakuna ambaye angeweza kusema kama alijaribu kubadilisha chakula au alikataa kabisa.

Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa. Na muda ulikuwa unaisha.

Ilikuwa juma la mwisho la kazi, masika yameshaanza kubisha hodi. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya ziwa. Nilikuwa nafagia ukuta wa korongo mahali pa juu, kwenye tabaka la wakati mvua zinarudi, nikaona mstari wa vitu vya kahawia vilivyopangana kama punje za mahindi. Sikulamba. Nilivijua. Nikamwita Daktari kwa mkono.

Alipanda, akatazama, akavua kofia.

"Meno," akasema. Akagusa udongo upande wa kulia. "Na pembe. Na pembe nyingine! Jamani, ni kichwa kizima!"

Tulicheza pale, nawaambia. Ta Bishanga alicheza mpaka mswaki ukaruka mfukoni. Kisha yeye mwenyewe akatazama juu, akaacha kucheza. Ukingo wa korongo ulikuwa umepata ufa, upana wa mkono wangu. Mvua moja kubwa, na ukuta wote ungeanguka chini, na kichwa kingekuwa unga kwenye tope. Ni mimi niliyekiona. Kikianguka, itakuwa nimemtafuta miaka yote hiyo ili nishuhudie akifa mara ya pili.

Siku ya kwanza tulichimba pembeni bila kupumzika. Siku ya pili tukaweka karatasi, gunia na plasta. Plasta ilikauka kwa shida kwa sababu hewa yenyewe ilikuwa imelowa. Siku ya tatu, Jumamosi, mchana, tulikikata kutoka kwenye kiti chake na kukilaza kwenye machela tuliyotengeneza kwa miti miwili ya mkaratusi na magunia. Kwa sababu ya zile pembe, mzigo ulikuwa mrefu kama mtu mzima aliyelala. Manyunyu yakaanza. Daktari akatoa shuka lake jeupe, tukaufunika mzigo tukaufunga kwa kamba za migomba.

Gari lilikuwa juu barabarani. Kutoka korongoni mpaka pale ni kilima chenye utelezi, njia yake inapita katikati ya vibanja, mashamba ya migomba ya watu. Sisi wachimbaji tulikuwa wachache na tumechoka. Tukainua. Mimi nilitangulia kuonyesha njia, Daktari akawa nyuma ameshika kamba ya kuzuia machela isiteleze. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuongea. Tulikwenda kimya.

Sasa fikirini. Ninyi mko kibanjani, mnaona watu wanapanda kilima, kimya, vichwa vimeinama, wamebeba machela, na juu yake kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe.

Mwanaume wa kwanza alikuwa anapogoa migomba. Alituona, akachoma panga lake ardhini, akavua kofia, akaja akaweka bega chini ya mti wa machela. Hakuuliza kitu. Ndivyo ilivyo kwetu, unabeba kwanza, kuuliza ni baadaye. Akaja wa pili, wa tatu. Mzigo ukawa mwepesi ghafla. Nilitazama nyuma nikaona mabega nisiyoyajua, na Ta Bishanga akinikonyeza.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Usiseme kitu mpaka barabarani."

Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Lakini wanawake wakaanza kutoka majumbani, wamejifunga khanga kiunoni, na mmoja akaanza kulia kwa sauti. Wengine wakampokea. Kilima kizima kikawa msiba. Mama mmoja mzee, Ma Kokutona, ambaye kibanja chake ndicho cha mwisho kabla ya barabara, aliteremka mpaka kwangu akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Nani ametutoka?"

"Simjui jina, Ma."

"Mgeni?"

"Hapana, Ma. Wa hapa hapa."

"Wa hapa hapa na mimi nisimjue! Amekufa na nini, maskini?"

Mimi sijui kudanganya mzee aliyenishika mikono. Nikasema, "Njaa."

Wadogo zangu, kilio kilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Njaa?" akasema Ma Kokutona.

"Njaa!" akapokea mwingine. "Kijiji hiki? Mikungu inaanguka yenyewe!"

"Jirani yake ni nani? Atokeze!"

"Mimi jana nimetoa ndizi kwa kila aliyepita!"

"Wewe? Wewe ulimnyima hata chumvi yule mzee wa bondeni!"

"Chumvi inaua mtu?"

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa miongoni mwa wabebaji. Alitokeza kichwa chini ya mti, jasho likimtoka. "Kifo cha njaa katika kitongoji changu," akasema, "na mimi sina taarifa! Simameni! Tumweke chini tumtambue marehemu!"

Na wakaanza kupunguza mwendo. Palikuwa mahali pabaya kuliko pote, mteremko wa udongo mwekundu, maji yameshaanza kutiririka. Machela ikiwekwa pale ingeteleza mpaka ziwani. Mvua ikaongeza. Daktari alikuwa mbali nyuma, anavutana na kamba. Niliona plasta inaanza kulainika kwenye ncha moja, chini ya shuka.

Nikapiga kelele. Sijawahi, na sidhani nitarudia. "Msimweke chini! Si mtu! Ni nyati! Alikufa zamani, ziwa lililokauka lilipoanza kujaa tena! Mkimweka chini anavunjika!"

Wabebaji wakasimama pale pale.

"Nimevua kofia," akasema yule mwanaume wa kwanza polepole, "kwa ajili ya ng'ombe?"

"Nyati," nikasema.

"Mimi nimelia machozi ya kweli," akasema mwanamke mmoja. "Nayarudishaje?"

Bega moja likatoka chini ya mti. Na jingine. Mzigo ukayumba. Ma Kokutona alikuwa bado amenishika mkono mmoja. Hakucheka wala hakukasirika, alikuwa anafikiri.

"Lakini njaa ni kweli?" akauliza. "Au ulisema tu?"

"Tunadhani ni kweli, Ma. Nyasi zake ziliisha. Mvua zilileta nyasi nyingine na vichaka, na nyasi alizozijua hazikurudi."

"Alikuwa na watoto?"

"Walikuwa wengi, Ma. Ukoo mzima. Wote waliisha."

"Nani aliwalilia?"

Nikasema, "Sidhani kama kuna mtu."

Ma Kokutona akawageukia wanaume. "Ninyi mmesimama nini kwenye mvua? Mnyama wa watu hajaliliwa tangu Lweru likauke, mnataka kumtupa njiani? Mwenyekiti, ingia chini ya mti! Bebeni!"

Mwenyekiti aliingia chini ya mti. Mabega yakarudi. Na wanawake wakaanza kulia tena, lakini sasa kilio kimechanganyika na kicheko. "Yooo, nyati wetu! Ametuacha na vichaka!" "Yooo, angesema tungempa maganda ya ndizi!" Ta Bishanga alikuwa analia na kucheka na kubeba, vyote kwa wakati mmoja. Tulipanda kile kilima kama harusi.

Barabarani tukakuta tatizo jingine. Godoro la sifongo tulilokuwa tumelitandika nyuma ya gari lilikuwa limeachwa wazi. Lilikuwa limekunywa mvua yote, ukilibonyeza linatoka maji kama kiwele. Tukilaza plasta iliyolainika juu yake, italainika zaidi. Tukilaza kwenye bati tupu, mawe ya njia kabla ya kufika lami yatakigonga kichwa mpaka kibaki kokoto. Daktari Neema alisimama ameshika ubavu wa gari. Wanaume wamesimama na mzigo mabegani.

Nyumba ya Ma Kokutona ilikuwa pale pale. Kesho yake mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara, na mabinti walikuwa wamekata nyasi za kutandika sebuleni, mafungu makubwa, makavu, yamepangwa chini ya baraza. Mnajua wenyewe jinsi nyasi mpya zinavyotandikwa mgeni anapokuja, zinavyonukia, hata mtoto anatamani kugaagaa. Bibi alipiga makofi mara moja.

"Leteni nyasi."

"Ma, zile za kipaimara?" binti mmoja akauliza.

"Zile zile."

"Na wageni kesho watakaa juu ya nini?"

"Wageni wa kesho wana viti na ndizi na nyama. Huyu amekuja na njaa yake. Leteni!"

Mabinti wakakimbia. Walitoa lile godoro, wakafuta bati kwa khanga, wakatandika nyasi nene mpaka usawa wa ubavu wa gari, wakaacha shimo katikati kama kiota. Wanaume wakamlaza humo. Ma Kokutona mwenyewe akachukua fungu la mwisho, akalisokota, akalichomeka taratibu mbele, upande wa mdomo. Kisha turubai likafunikwa juu yake.

Tulikwenda mwendo wa konokono mpaka Bukoba. Kila jiwe Daktari alifumba macho. Tulipofungua ile plasta kwenye chumba chetu cha Miembeni, pembe ya kushoto ilikuwa na ufa mmoja na meno yote yalikuwa mahali pake, yote. Nilihesabu kwa kidole, nikahesabu tena. Baadaye sana ule unga wa jino ulipopimwa, Daktari alinipigia simu, na jino lilikuwa limeandika nyasi, nyasi, nyasi, mpaka mstari wake wa mwisho. Hakuonja kichaka. Daktari akaongeza upesi kwamba mnyama mmoja hatoshi kusemea ukoo mzima, lazima wapatikane wengine, lakini nilisikia kwenye sauti yake kwamba anaruka ruka.

Ila ile siku ya kufungua, kabla ya unga wala vipimo, kulikuwa na kitu kingine. Plasta ilikuwa imebomoka kidogo mdomoni, na kati ya meno mawili ya nyuma, yaliyosagika tambarare, ilikuwa imeingia nyasi moja ya Ma Kokutona. Daktari Neema alichukua kibanio ili aitoe. Akakiweka chini.

"Mwacheni kidogo," akasema. "Bado anakula."

Wadogo zangu, nina ombi. Niandikieni. Ninyi mnachunga mbuzi na ng'ombe kwenye rweya kila siku, mnaona mambo ambayo mimi kwenye cherehani siyaoni tena. Mvua zikichelewa, wanakimbilia kula nini kwanza? Ni kitu gani wanakiacha mpaka mwisho? Na yupo mmoja anayegoma kabisa? Mpeni mwalimu barua zenu ataniletea Miembeni. Andikeni hata kama mwandiko unapanda na kushuka. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote, na kila mmoja nitamjibu.